Mbavu Tatu za Mama

Kihonda, Morogoro

Mama,

Shikamoo. Mkono umezoea, hauwezi kuanza barua yako kwa neno jingine.

Karafuu zimekubali mwaka huu. Dada Mwajuma ndiye anayezisimamia, na mimi napanda Kinole kila Ijumaa nikitoka shuleni, nateremka Jumapili. Baada ya arobaini yako ukoo ulikaa, wakasema shamba la juu, lile la mdalasini, ni letu mimi na Mwajuma, kama lilivyotoka kwa bibi likaja kwako. Hakuna aliyebisha. Mbuzi wako mweupe amezaa pacha, mmoja hakuishi. Jirani yako Bi Tatu bado anapita uani kwako kila asubuhi kana kwamba utamwitikia, halafu anakumbuka na kuendelea na safari yake ya mtoni.

Unaona ninavyozunguka. Miezi mitano naanza barua hii na kila mara naishia kwenye mbuzi na karafuu. Leo nimeazimia kuandika habari za kifua chako, tangu mwanzo, kwa sababu kuna mahali nilikukosea na sikuwahi kukuomba radhi kwa kinywa changu. Ulipokuwa hai nilidhani tumeshaelewana, haina haja. Sasa naona haja ilikuwepo.

Yalianza kama maumivu ya bega. Ulikuwa umeteremsha mikungu ya ndizi sokoni, tukasema ni mzigo. Ukamwita Bi Tatu akukande kwa mafuta ya mkaratusi. Kikaja kikohozi, ukaanza kukonda, na zahanati wakakuanzishia dawa za kifua kikuu. Ulizimeza miezi sita bila kuruka siku. Hukuwahi kuvuta sigara maishani mwako, nani angewaza jambo jingine? Ule mwezi wa sita nilipokuja nilikukuta hulali tena kitandani. Ulikuwa unalala umekaa chini, mgongo umeegemea gunia la mdalasini, kwa sababu ubavu wa kulia haukukubali kuguswa na godoro. Nikakuuliza tangu lini. Ukasema, "Gunia linanukia vizuri, mwanangu. Kitanda kinanuka uzee."

Siku iliyofuata nilikushusha mjini. Picha ya kwanza ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kulia, wakatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam. Kule wakakuingiza kwenye ile mashine ya duara, wakakuchoma sindano ndefu ubavuni kuchukua kipande cha nyama ya kupima. Tukangoja. Na siku ya majibu, wewe ulikuwa umeteremka kuswali adhuhuri, nikaitwa mimi.

Daktari Neema ndiye aliyeniambia, yule mpasuaji mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisema ni saratani ya pafu, na imetoka nje ya pafu, imeshika ukuta wa kifua. Mbavu tatu zilikuwa zimeanza kuliwa. Ndiyo maana bega, ndiyo maana gunia. Nilishika pembe ya meza yake. Kitu cha kwanza nilichoweza kusema, Mama, hakikuwa swali la dawa wala la kupona. Nilisema, "Daktari, naomba mama yangu asilisikie neno hilo."

Akavua miwani. "Mwalimu, siwezi kumpasua mtu asiyejua nampasua nini. Nakupa mpaka Jumatatu. Umwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Nikaenda chooni nikalia. Nikanawa, nikarudi kwenye benchi, ukanikuta hapo. "Wamesemaje?" Nikakwambia, "Uvimbe, Mama. Uvimbe kidogo. Wanautoa." Ulinitazama kwa muda, ukafunga vizuri mtandio wako, ukasema haya, twende tukale.

Siku tatu tulikaa kwa binamu Hadija kule Mbagala, na siku tatu hizo sikukwambia. Lakini nilimpigia simu Mjomba Selemani. Nilijitetea moyoni kwamba ndivyo desturi yetu Waluguru ilivyo: jambo zito la dada kaka lazima alijue, na yeye ni kaka yako mkubwa. Kweli ni kwamba nilitaka mtu mwingine abebe. Kwa hiyo watu wawili walikuwa wanakijua kifua chako, na mwenye kifua hajui.

Mjomba akaja na treni kutoka Ngerengere siku ya Jumapili, na ile kofia yake ya reli ambayo kustaafu hakujamvua. Alinivuta pembeni, kwenye kamba za nguo. "Mdogo wangu hapasuliwi," akasema. "Mtu akifunguliwa kifua, upepo ukaingia, hafungiki tena. Na hizo mbavu wataziweka wapi? Zitupwe pamoja na pamba chafu? Mtu wetu?" Alikuwa anatetemeka midomo, nami nilikuwa sijawahi kumwona Mjomba akitetemeka.

Jumatatu Daktari Neema hakuanza na maneno. Alisema kabla ya yote anataka kuona pumzi zako, kwa sababu mtu atakayebaki na pafu pungufu lazima awe na akiba. "Mama, tutapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, mimi na wewe. Ukichoka, simama." Ukakaza kanga kiunoni. Mjomba na mimi tukafuata nyuma. Hukushika chuma cha pembeni hata mara moja, uliinamisha kichwa tu kidogo, kama unavyopanda kwenda shamba la juu, hatua fupifupi zisizobadilika. Kule mwisho daktari ndiye aliyekuwa anahema. Ukageuka ukamuuliza, kwa upole kabisa, "Ndiyo hapa tu? Kwetu kwenda kisimani ni mbali zaidi." Akacheka. Ndipo ukakaa kwenye ngazi ya juu, ukatuangalia wote watatu tuliosimama chini yako.

"Daktari," ukasema, "sasa niambie. Huyu mwanangu ananiambia uvimbe. Uvimbe haumpeleki mtu chooni akatoka macho mekundu."

Daktari akanitazama. Alinipa nafasi, Mama, nataka ujue kwamba alinipa. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu.

Akakaa ngazi moja chini yako, akakwambia. Akalitaja neno saratani, akangoja lipite. Akaeleza kwamba haijafika kwenye tezi za katikati ya kifua, na kwa hiyo bado kuna nafasi ya kisu. Kwamba ataondoa sehemu ya juu ya pafu pamoja na vipande vya mbavu tatu zilizoshikwa, vyote kwa mkupuo, bila kuvibandua, kwa sababu akivibandua mbegu za ugonjwa zitabaki ndani. Kwamba pale patakapokuwa wazi atashonea wavu mgumu ili kifua kisibonyee ukivuta pumzi.

"Kama mti ulioingiza mizizi ukutani," ukasema. "Huwezi kung'oa mti ukaacha ukuta."

"Ndivyo, mama."

"Nikikataa?"

"Maumivu yatazidi. Tutakupa dawa za kuyatuliza, na nyingine za kuuchelewesha ugonjwa. Hautaondoka."

"Nikikubali?"

Hakukupambia maneno. Alisema unaweza usitoke chumba cha upasuaji. Alisema ukitoka, ugonjwa unaweza kurudi mwaka huohuo, au baadaye, au usirudi. Mjomba akakohoa, akataka kuanza. Ukainua mkono. "Kaka, nakuheshimu, na unajua nakuheshimu. Lakini anayelala ameegemea gunia ni mimi."

Mjomba akavua kofia. Akaigeuzageuza. Mwishowe akasema, "Basi hizo mbavu nazitaka. Kama ni kuzikwa, zizikwe kwetu." Daktari akamwahidi kwamba zitapita maabara kwanza, kisha atapewa mkononi.

Ulipokuwa unateremka ulinishika bega, ukaniambia sikioni, "Nilijua tangu mwezi wa nne wa zile dawa. Nilikuwa nakufichia wewe usiogope." Tukateremka hivyohivyo, ghorofa nne, mkono wako begani kwangu. Mpaka leo nikiwaza hesabu hiyo nashindwa kuimaliza. Miezi miwili kabla ya picha ulikuwa unaogopa peke yako, tena unanitania kuhusu gunia. Na nilipopata zamu yangu ya kukaa karibu nawe kwenye hofu hiyo, nilikwambia uvimbe.

Asubuhi ya upasuaji ulinivulia hereni ukaniwekea kiganjani. "Ukiona jua limefika dirisha lile bado sijatoka, nenda kale. Usiniuguze na njaa." Jua lilifika dirisha lile, likalipita. Mjomba hakuachia tasbihi yake. Hatukula. Daktari alipotoka alikuwa na alama za barakoa usoni, akasema, "Kimetoka chote kipande kimoja," na Mjomba, ambaye alikuwa ameapa kwamba hafurahii jambo hili, akamshukuru kama aliyepewa mtoto.

Nilipoingia kukuona sikukutambua kwa mipira. Mmoja ulitoka ubavuni ukaingia kwenye chupa ya maji sakafuni, na kila ulipopumua maji yale yalitoa mapovu. Nilikaa nayatazama yale mapovu. Siku ya pili wakakusimamisha. Mama, ulilia. Sijawahi kukusikia ukilia kwa maumivu, hata ulipomzaa mdogo wetu aliyefariki, kwa jinsi Mwajuma anavyosimulia. Ulilia huku unapiga hatua. Mtaalamu wa mazoezi akakuletea chupa na mrija, upulize, ili pafu lililobaki lifunguke, nawe ukampulizia huku umemkazia macho, halafu ukasema, "Nimerudi darasa la kwanza, na mwalimu wangu yuko hapa hanisaidii."

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Kando zote za kile kipande zilikuwa safi. Mjomba akapewa kiboksi, akakifunga kwa kitambaa cheupe, hakutaka nimsindikize. Alikipakata mapajani safari nzima, Dar mpaka Morogoro, Morogoro mpaka Kinole. Akachimba mwenyewe, kwenye makaburi yetu, ubavuni mwa bibi. Kisha akakupigia simu. Nilikushikia simu sikioni kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa hauinuki.

"Kaka, umenizika vizuri?"

"Nimekuzika kidogo tu," akasema Mjomba. "Zilizobaki bado tunazihitaji."

Ulicheka mpaka ukashika mshono, ukamtukana.

Ukaja kukaa kwangu hapa Kihonda kwa ajili ya zile dawa za mishipani. Mizunguko minne. Nywele zikaondoka, ladha ikaondoka, ukasema hata ndizi za Kinole zina ladha ya msumari. Lakini kila asubuhi ulisimama kwenye ukuta wa sebuleni, ukavipandisha vidole juu kama buibui mpaka mkono ukwame, nami nikaweka alama ya mkaa pale vilipofika. Mwenye nyumba alipokuja na rangi mwezi uliopita nilimwomba ukuta huo auache. Akadhani ni hesabu za watoto wa shule.

Ukarudi nyumbani. Haya siyaandiki ili nijifariji, nayaandika kwa sababu yalitokea: ulivuna karafuu misimu miwili. Hukupanda mtini, ulisimama chini ukitoa amri, na wachumaji walikuogopa vilevile. Ulimcheza mwali mjukuu wako, binti wa Mwajuma, ukaimba pumzi mbilimbili pale wengine walipoimba pumzi moja. Ulipanda hadi shamba la juu. Ulichukua asubuhi nzima, lakini ulifika, ukamenya gome moja la mdalasini ukaniletea. Na ulilala kitandani, Mama. Ulilala chali na ubavu wa kushoto, kitandani, kama mtu.

Kisha macho yakawa ya njano.

Tulirudi kwa Daktari Neema. Alisoma picha mpya, akatoka, akanikuta nimesimama mlangoni. Safari hii hakunipa mpaka Jumatatu. Aliuliza tu, "Nani anamwambia?" Nikasema mimi.

Ulikuwa umekaa chini ya kile kibaraza cha nje, unamenya chungwa. Nikakaa. Nikasema, "Mama, saratani imerudi. Iko kwenye ini, na kwenye pafu la pili. Daktari anasema kisu hakina kazi tena." Nilisema hivyo, kwa mpangilio huo, nakumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye korido. Ukaendelea kumenya. Ukanigawia nusu. Baadaye sana ukasema, "Umenisemea vizuri. Sasa nina wiki za kupanga mambo, sina wiki za kubahatisha."

Na ulipanga. Ulimwita kila uliyekuwa na neno naye. Ulimwonyesha Mwajuma mipaka ya shamba kwa kumtaja kila mti. Uliniambia nguo ipi apewe nani. Zile dawa za maumivu tulizopewa zilifanya kazi yake siku nyingi, siku nyingine hazikufanya, na hizo siku nyingine sitaziandika.

Ulikwenda asubuhi, jua limeshatoka, mvua nyepesi inapita mlimani upande wa pili. Nilikuwa nimekupakata mgongo kifuani kwangu ili upumue. Nikahisi pumzi inakuja kutoka mbali, ikafika. Nikangoja nyingine.

Bi Tatu aliongoza kukuosha, mimi na Mwajuma tukashika kata. Alipofika ubavu wa kulia, pale palipobonyea, na kovu lililozunguka kutoka chini ya ziwa hadi mgongoni, mkono wake ulisimama. Yeye ndiye aliyekukanda pale miezi yote ile, akidhani ni mzigo. Akateka maji upya, akayapitisha taratibu kuliko mahali pengine popote. Nasi tukangoja.

Mjomba akashuka kaburini yeye mwenyewe kukupokea, kwa umri ule. Vijana walitaka kumzuia, akawasukuma.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike leo.

Juzi Mjomba alikuja hapa Kihonda bila kupiga simu. Nikamwamkia, akaitika, akakataa chai. Alikaa kwenye kiti cha uani, kofia mapajani, akanitazama kama mtu anayesoma tangazo la mbali. "Rukia," akasema, "nakohoa tangu mfungo. Wiki hii nimetema damu mara mbili. Nyumbani sijamwambia mtu." Akaigeuza kofia. "Nipeleke nikapigwe picha. Na majibu yakitoka uniambie mimi kwanza, kabla hujawaambia wanangu. Najua unaweza. Mama yako aliniambia ulivyomwambia."

Sikujua kwamba ulimwambia. Nimekaa siku mbili na jambo hilo. Nilidhani ulichobaki nacho juu yangu ni ile siku ya benchi na ile siku ya ngazi. Kumbe uliichukua siku ya chungwa ukampelekea kaka yako.

Hata hivyo nakuomba radhi, Mama. Kwa uvimbe. Kwa siku tatu za Mbagala. Kwa kumpa Mjomba habari za mwili wako kabla hujapewa wewe. Nilijiambia nakulinda, na kumbe nilikuwa nakuacha peke yako mahali ambapo ulikuwa umeshakaa peke yako miezi miwili.

Kesho saa mbili asubuhi tunaanzia hospitali ya mjini, mimi na yeye. Nimeomba ruhusa shuleni. Sijui picha itaonyesha nini. Huenda safari hii ni kifua kikuu kweli, ameze dawa zake apone, aje kunitukana kwa kumtia hofu. Huenda sivyo. Wewe ulivuta hewa tu, yeye amevuta tumbaku miaka arobaini.

Lolote watakalosema, nakuahidi hivi: nitakaa upande wake, si mbele yake wala nyuma ya mlango, nitalitaja kwa jina lake, na nitabaki pale pale mpaka amalize kuniuliza. Akitaka kisu, nitamsindikiza. Akikataa, nitamsindikiza vilevile.

Yuko uani sasa, amemaliza kuswali alasiri, anakunja mkeka. Naenda kukaa naye.

Pumzika, Mama, kwa ubavu wowote unaoutaka.

Mwanao,
Rukia